Kisanduku Kilichokatwa Soketi

Katika ukoo wetu mshenga huchaguliwa kwa ulimi, si kwa miguu. Kaka yangu alipofariki aliacha mtoto mmoja wa kiume, mkulima wa kahawa kule Isansa, na mtoto huyo alipovuka miaka thelathini na kutaka kuoa, wazee walinigeukia mimi. Nimefundisha Kilatini na mantiki katika seminari kwa muda mrefu kuliko nilivyofanya jambo jingine lolote, nao waliamini kwamba mtu aliyezoea kupanga hoja hawezi kushindwa mbele ya wakwe. Hawakuuliza ningefikaje huko. Nami sikujiuliza, kwa kuwa nilikuwa na pikipiki.

Binti mwenyewe alikuwa wa familia ya Wanamwanga wanaoishi mbele kidogo ya Chitete. Wao wawili walikuwa wamepatana miaka miwili kabla, na kilichobaki kilikuwa wazee. Baba yake alitupa siku moja, Jumamosi, mwisho saa tisa alasiri, kwa sababu mjomba wa binti, ambaye kwao posa haipokelewi asipokuwepo, alikuwa amevuka kutoka Zambia na saa hiyo angeanza safari ya kurudi. Kulikuwa na nyumba ya pili iliyomtaka binti huyohuyo, ya mfanyabiashara wa Tunduma mwenye malori mawili. Mjomba alikuwa ametoa hukumu ambayo hata leo siwezi kuilaumu: nyumba iliyotangulia isikilizwe Jumamosi, isipofika, ile ya pili isikilizwe Jumapili, kwa idhini aliyoiacha mapema, yeye awepo asiwepo. Kwa hiyo nilichobeba asubuhi ile kilikuwa ndoa ya mtoto wa kaka yangu, na nilikibeba mgongoni.

Sisi Wanyiha tulifua chuma zamani, na kwetu posa bado hufunguliwa kwa jembe lisilo na mpini. Siku hizi jembe lenyewe hununuliwa dukani, lakini masharti yake hayauzwi dukani. Mshenga akishatoka nalo harudi nalo kwa njia aliyoendea. Wala halitui chini kabla ya kufika. Dada yangu, ambaye ni shangazi wa mwoaji na mlinzi wa mambo haya katika nyumba yetu, alilifunga katika kitambaa cheupe, akalilaza kati ya mabega yangu na kulikaza kwa kitenge, mafundo mawili kifuani.

"Likinichoma?" nilimuuliza.

"Litakuchoma."

"Nikitaka kukaa?"

"Kaa nalo. Kula nalo. Ukienda haja, nenda nalo. Ukilitua porini, kaka, umeposa pori, na mtoto wetu ataoa kichaka."

Pikipiki hiyo niliinunua kwa mpima barabara mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Haina kabureta. Mafuta yake hupimwa na kompyuta ndogo iliyo chini ya kiti, kisha hurushwa ndani ya injini na injekta. Na kati ya kompyuta na injekta yule bwana alikuwa amepachika kisanduku cheusi, ukubwa wa viberiti viwili vilivyopangwa pamoja, ambacho hakikutoka kiwandani na pikipiki. Kazi ya kisanduku ni kuisahihisha kompyuta. Kompyuta ikiagiza mafuta kiasi fulani, kisanduku huongeza au hupunguza kidogo kabla agizo halijafika. Kina vitaa vitatu, na vitundu vitatu vyenye alama za kipimo, vya kuzungushia bisibisi nyembamba: kimoja cha mwendo wa chini, kimoja cha kati, kimoja cha juu. Niliupenda utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Ulinikumbusha kazi ya mhariri, anayesimama kati ya mwandishi na mchapaji na ambaye hakuna msomaji anayemjua mpaka akosee.

Mwongozo wake ulikuwa katika simu yangu, kurasa nyingi za Kiingereza chenye adabu. Niliusoma mara mbili, nikaunakili muhtasari wake katika daftari. Hivyo nilikuwa na maandishi yote kuhusu kitu kile. Tofauti kati ya kuwa na maandishi kuhusu kitu na kuwa na kitu chenyewe nilikuwa nimeifundisha darasani, kwa mifano.

Sina budi kueleza hapa nilichofanya mwaka uliotangulia. Kisanduku kile kiliungwa na pikipiki kwa soketi, zile za plastiki zinazobonyezwa zikalia. Vumbi na mitikisiko ya barabara za Momba hulegeza soketi. Kila dereva wa bodaboda wa huku analijua hilo, na kila fundi ana dawa ileile: soketi hukatwa, waya husokotwa na waya, huzungushiwa solotepu nyeusi, kisha juu yake hukazwa mpira wa tyubu mpaka hata mvuke usipite. Huitwa kupiga dairekti, na pikipiki ambayo haijapigwa dairekti huonekana kwetu kama mtu mzima ambaye bado anafungwa vifungo na mama yake. Nilimwomba fundi wangu wa Tunduma anifanyie hivyo. Alisita, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Mwalimu, hizi za injekta sipendi kuzikata."

"Kwa nini?"

"Nikikata hapa, nimekata."

"Zinalegea kila wiki."

"Zinalegea, unazibonyeza, unaendelea. Lakini mwenye pikipiki ni wewe."

Mwenye pikipiki nilikuwa mimi. Alizikata. Nilisimama pembeni nikimsisitizia aongeze tabaka la mpira, akaongeza. Nikamwambia aongeze jingine, akaongeza na hilo. Sikuandika popote waya upi ulisokotwa na upi, na baada ya mwaka mmoja wa vumbi waya zote zilikuwa na rangi moja.

Niliondoka Tunduma saa mbili asubuhi. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ilikuwa imewaweka madereva wa malori ndani ya vyumba vya magari yao, foleni nzima hadi mpakani. Nilivaa sweta mbili, jembe juu yake, na koti juu ya jembe, nikaonekana mwenye kibyongo. Niliacha lami, nikaingia barabara ya vumbi, na kadiri nilivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda. Nilisimama mara moja kuvua koti, mara ya pili kuvua sweta, kila mara nikilihamisha jembe kwa namna ambayo dada yangu angeikubali. Injini iliitika vizuri. Nilikuwa nikirudia kimoyomoyo hoja zangu tano, na nilikuwa nimefika ya nne, inayohusu uaminifu wa mtu anayengoja miaka miwili, pikipiki ilipoanza kukohoa.

Ilikuwa saa nne. Ekzosi ilitoa moshi mweusi, harufu ya petroli mbichi ikanijia usoni, mwendo ukakatika, ukarudi, ukakatika. Niliiachia ikaserereka hadi mbele ya nyumba moja iliyo peke yake kando ya barabara, ambapo wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye turubai wakipukuchua mahindi. Nikazima, nikafungua kiti. Katika kisanduku, kitaa chekundu kilikuwa kimewaka bila kupepesa.

Nilitoa simu na kufungua mwongozo, sehemu ya matatizo. Ilikuwa na hatua kumi na moja. Hatua ya kwanza ilikuwa na sentensi chache, nazo zilikuwa sentensi nzuri. Ilisema: chomoa soketi za kisanduku, unganisha soketi za asili za pikipiki, washa. Injini ikitulia, ugonjwa uko katika kisanduku. Isipotulia, uko katika pikipiki. Hatua nyingine zote kumi zilisimama juu ya mgawanyo huo, kama nyumba inavyosimama juu ya msingi. Niliutazama ule mzongo wa mpira mweusi chini ya kiti, uliokazwa kama nilivyoagiza ukazwe, na nikaelewa kwamba hatua ya kwanza haikuwezekana. Sikuwa na soketi ya kuchomoa. Nikifungua waya nisizozijua, ningeweza kuiunguza kompyuta yenyewe.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi niliruka nikaenda hatua ya pili.

Nilipiga magoti. Jembe lilinisukuma shingoni kila nilipoinama, kwa hiyo ilinibidi nifanye kazi kichwa kikiwa kimeinuka na macho yakitazama chini, kama ng'ombe anayekataa nira.

"Baba, unasali au unatengeneza?" aliuliza yule mwanamke mdogo kutoka kwenye turubai.

"Natengeneza."

"Basi sali kwanza. Huyo mgongoni amelala?"

"Ni jembe."

Mwanamke mkubwa, ambaye baadaye nilijua ni mama mkwe wake, aliacha kupukuchua. "Ni la posa hilo," alimwambia mkwewe. "Usimuulize tena." Kisha akanitazama kwa makini zaidi. "Ila wametuma mzee kweli. Mtoto wa ndoa hiyo atazaliwa na mvi."

Walicheka kwa heshima, wakiwa wameinamisha nyuso zao juu ya mahindi. Nilicheka pia. Ilikuwa bado saa nne.

Hatua ya pili ilikuwa plagi. Niliifungua, ilikuwa nyeusi na imelowa. Niliifuta kwa kona ya leso, nikairudisha. Hatua ya tatu ilitaka nipime umeme wa kisanduku kwa mita, nami sikuwa na mita. Nilikuwa nikisoma kama mwongozo umeruhusu njia nyingine pale pikipiki ya bodaboda, aina ile ya kabureta iliyojaa nchi nzima, iliposimama kando yangu. Dereva hakuwa na abiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Imegoma?"

"Inatoa moshi."

"Kabureta imejaa hiyo. Fungua bakuli lake, mwaga."

"Haina kabureta."

Aliinama akachungulia upande mmoja, akazunguka akachungulia upande wa pili. "Sasa inakunywaje?"

"Kwa umeme."

"Mafuta, kwa umeme." Aliyasema polepole, kama mtu anayesikia habari ya msiba wa mbali. "Unaenda wapi, mzee wangu?"

"Mbele ya Chitete."

"Panda twende. Hii, mama atakutunzia. Muda si muda umefika."

"Ahsante sana. Nimeshaanza, nipo hatua ya tatu."

"Ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

Alinitazama, akatazama jembe, akawatazama wale wanawake kana kwamba wangeweza kusema neno. "Haya, mzee. Mungu akutangulie," alisema, akaondoka.

Ilikuwa saa nne na robo. Najua kwa sababu niliandika. Niliandika kila kitu: muda, hatua, kitundu kipi nimezungusha, kwa kiasi gani, na injini iliitikaje. Jedwali lile ninalo hadi leo na halina kosa hata moja. Kitundu cha kwanza, nusu alama kushoto: moshi uleule. Alama nzima: moshi uleule, sauti nzito zaidi. Nikarudisha. Kitundu cha pili, nusu alama. Kila mara niliwasha, nikasikiliza, nikazima, nikaandika. Mwanamke mdogo aliniletea kigoda, akakumbuka jembe, akakirudisha mwenyewe.

Karibu na saa tano lilitokea jambo ambalo, kama lisingetokea, ningekuwa nimefika. Nilizungusha kitundu cha pili alama moja na nusu kulia, nikaushika usukani ili niinuke, pikipiki ikaegemea upande wangu, na injini ikatulia. Moshi ukakatika. Kitaa chekundu kikazimika, cha kijani kikawaka. Nilisimama nikiisikiliza kwa furaha. Niliandika: *kulia, alama moja na nusu*.

Pikipiki ya pili ilipita wakati huohuo, dereva mtu mzima, nyuma yake kumefungwa gunia la mbolea ambalo halikuchukua nafasi yote.

"Mzee, nimepigiwa simu na mwenzangu, kuna mshenga amekwama," alisema bila kuzima injini. "Nimebana gunia mbele kidogo. Panda."

"Imepona," nilimwambia. "Sikiliza."

Alisikiliza. "Imepona leo au imepona sasa?"

"Imepona."

"Maana leo mnada, mzee. Nikipita mimi, wengine wote wanatoka kule kuja huku. Hakuna wa kwenda."

"Nakushukuru. Nimebakiza kufunga kiti tu."

Alinipungia mkono. Vumbi lake lilikuwa halijatua nilipofunga kiti, nikapanda, pikipiki ikasimama wima, na injini ikakohoa na kuzima.

Nimewafundisha vijana wengi kwamba kilichotangulia si lazima kiwe kilichosababisha. Jogoo huwika, jua huchomoza. Waya fulani ndani ya ule mpira ulikuwa umesogea pikipiki ilipoegemea, ukagusa mahali pake. Nami niliipa sifa bisibisi yangu. Lakini pale sikujua hivyo. Pale niliamini kwamba alama moja na nusu ilikuwa karibu na kweli, na kwamba kweli yenyewe ilikuwa robo alama mbele au robo alama nyuma. Nikaitafuta. Nikaitafuta katika vitundu vyote vitatu, kwa mpangilio, nikiwasha na kuzima, mpaka mwanamke mkubwa alipokuja akasimama karibu yangu, mikono nyuma.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hao wakwe wanakungoja saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa."

"Sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Sikuwa nimekula, na mkono uliogusa plagi ulikuwa umeungua bila mimi kuhisi. Nilimwambia saa. Nilibonyeza kiwashio mbele yake, labda ili nimwonyeshe kwamba bado nilikuwa na la kufanya, na hapakuwa na mlio. Pampu ya mafuta, ambayo kila asubuhi hulia kidogo kama nyuki aliyefunikwa na kikombe, ilinyamaza. Nilikuwa nimeimaliza betri. Pikipiki ile haina kiki ya kuwashia kwa mguu, na bila betri hata kuisukuma hakufai, kwa maana hainywi mafuta mpaka ipewe umeme.

"Niachie," alisema mama yule. "Nitaifunika na turubai. Wewe nenda."

Nilikwenda kwa miguu. Nilikutana na pikipiki tisa, zote zikitoka mnadani kuja upande wangu, nyingine zimebeba mbuzi waliofungwa kwenye tenga, nyingine watu watatu na magodoro. Niliwapungia. Nao walinipungia, wakidhani ni salamu. Nilipofika juu ya kilima ambapo simu hushika mtandao niliitoa ili nimpigie baba wa binti, nikakuta kurasa za mwongozo zimemaliza chaji. Skrini ilionyesha betri tupu kwa muda mfupi, kisha nikaona uso wangu. Karibu na saa nane trekta lililobeba matofali lilinipakia. Lilikuwa na kasi iliyozidi yangu kidogo tu, na nililishukuru kwa tofauti hiyo ndogo.

Nilifika saa kumi na robo. Nilijua kabla ya kuambiwa. Uani palikuwa na viti vilivyopangwa nusu duara, vimeachwa vikitazamana na kiti kimoja ambacho hakuna aliyekikalia, na chini ya mti wa parachichi wasichana walikuwa wakiosha sahani nyingi.

Baba wa binti alinipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira, na hilo lilinivunja nguvu, kwa sababu kwa hasira nilikuwa nimejiandaa.

"Karibu, mwalimu. Pole sana na safari."

"Nimechelewa, mkwe."

"Tulisubiri. Chakula kilipoa tukakipasha, kikapoa tena. Mjomba alikaa mpaka saa tisa na nusu, akasema asiongeze, maana mpaka unamsubiri." Aliitazama njia niliyotokea. "Ni pikipiki?"

"Ni pikipiki."

"Mashine," alisema kwa upole, akanionyesha kiti. Nilikaa ukingoni, kwa ajili ya jembe.

Binti mwenyewe alileta maji ya kunawa. Alipiga magoti. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama." Akanimiminia. Mikono yangu ilikuwa na masizi ya plagi na mafuta, na maji yalipita juu yake yakaanguka yakiwa safi kama yalivyokuja. Akaenda akaleta sabuni ya unga, akamimina tena, muda mrefu kuliko adabu inavyodai, akiitazama mikono yangu na si uso wangu. Masizi hayakutoka. "Pole na safari," alisema, akasimama. Katika siku nzima ile hayo ndiyo maneno pekee ambayo desturi ilimruhusu kunena juu ya maisha yake.

Nilimwomba baba yake tumpigie mjomba. Alijibu kwamba laini ya mjomba ni ya upande wa pili na haingeshika mpaka afike Nakonde, na kwamba hata ingeshika, mtu aliyesubiri kwa heshima hasumbuliwi barabarani. Nilimwomba alipokee jembe yeye. Alitikisa kichwa. "Hilo si la mkono mmoja, mwalimu. Wewe mwenyewe unajua." Nilijua. Na nilijua pia kwamba siwezi kurudi nalo, naye alijua, na tulikaa hivyo, watu wazima wawili, tukiwa hatuna la kufanya na kipande cha chuma.

Ndipo akaitwa bibi wa binti kutoka jikoni. Aliketi, akasikiliza yote, akavuta pumzi. Alizungumza Kiswahili chenye mapigo ya Kinamwanga, akikazia mwisho wa kila fungu.

"Njia aliyokuja nayo ni ya Tunduma?"

"Ni ya Tunduma, mama," alijibu mwanawe.

"Basi asirudi Tunduma. Apite Mlowo. Mtu akiingia kwa mlango huu akatokea mlango ule, hajarudi. Amepita. Watu hupita kwetu kila siku, tunawapa maji, wanaendelea na safari."

Ilikuwa hoja kamili. Ililinda sharti la ukoo wangu, iliilinda heshima ya nyumba yao, na iliisha kwa kunifanya mpita njia. Nilikuwa nimekuja na hoja tano. Sikuitwa kutoa hata moja. Nilimshukuru bibi, nikala ugali na kuku aliyepashwa mara tatu, jembe mgongoni, na nililala kwa katekista wa kijiji chao.

Nitangulize hapa jambo la Jumanne iliyofuata, kwa kuwa halina mahali pengine pazuri zaidi. Pikipiki ilipoletwa Tunduma juu ya gari la mahindi, fundi wangu aliukata ule mpira kwa wembe. Ndani yake palikuwa na maji. Si maji ya mvua. Yalikuwa jasho: ubaridi wa juu na joto la bondeni, kila safari, mwaka mzima, na mpira uliokazwa usiruhusu hata tone kutoka. Msokoto mmoja, wa waya unaorudisha umeme kwenye fremu, ulikuwa umegeuka kijani. Fundi aliugusa kwa ukucha wa kidole gumba na ukakatika.

"Huu hapa," alisema.

Chai aliyokuwa ameagiza kabla ya kuanza ilikuwa haijaletwa. Vile vitundu vitatu havikuwa na kosa lolote kabla sijavigusa.

Jumapili ile, basi, nilipita Mlowo, na kufika Isansa karibu na saa tano. Mtoto wa kaka yangu hakuwa amekwenda kanisani. Alikuwa uwanjani kwake, kwenye meza ndefu za kuanikia, akigeuza kahawa kwa viganja. Aliniona tangu nikiwa njiani, na aliona umbo la mgongo wangu. Alifuta mikono kwenye suruali, akaja, akafungua mafundo yote mawili kifuani pangu bila kuuliza ruhusa ya mtu, akalichukua jembe hadi ghalani, na nikasikia likigonga chuma cha majembe mengine. Kisha akarudi kwenye kahawa.

"Umepita Mlowo," alisema.

"Bibi yake ndiye aliyenielekeza."

Aligeuza viganja viwili, vitatu. Kahawa ilitoa sauti kavu.

"Walisubiri mpaka saa ngapi, baba mdogo?"

"Saa tisa na nusu."

"Pikipiki ilizima saa ngapi?"

"Saa nne."

Aliokota punje mbovu, akaitupa, akaokota nyingine. Nilimwona akihesabu. Anaijua barabara ile kuliko mimi. Ameipita kwa miaka miwili.

"Siku ya mnada," alisema hatimaye, "kupata boda ya kwenda kule ni shida."

Alikuwa amenifungulia mlango, na aliufungua kwa makusudi, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa vizuri. Ningeweza kuitikia tu. Lisingekuwa uongo.

"Walipita wawili," nilimwambia. "Mmoja saa nne na robo, mmoja karibu na saa tano. Wote walisimama. Wote waliniambia nipande."

"Wakakataa kulibeba jembe?"

"Nilikataa mimi."

Viganja vyake vilisimama juu ya kahawa. "Kwa nini?"

"Nilidhani nimekaribia."

Nilisubiri anikaripie, maana hata mtoto anaweza kumkaripia mzee kwa jambo kama lile, na ningelipokea. Aliangalia juu, akakinga macho kwa mkono.

"Jua limekuwa kali," alisema. "Shika upande ule tufunike, isije ikapasuka."

Nilishika upande ule. Tulifunika meza ya kwanza, tukafunika ya pili, yeye akivuta nailoni na mimi nikiifuata, nikikosea kona na yeye akirudi kuirekebisha. Kwenye meza ya tatu alisimama, nailoni mkononi, akatazama upande wa Momba, ambako kutoka pale hakuna kinachoonekana isipokuwa ukungu wa vumbi.

"Sasa hivi wale wa malori watakuwa wameshaketi," alisema.

Nilitazama saa yangu, kwa mazoea, na sikumwambia ilikuwa saa ngapi.